Safari ya Nakivale: Kumbukumbu za Mhudumu wa Timu

Jumanne: Bukoba, Mutukula, Masaka

Tuliondoka Bukoba alfajiri kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako usharika mmoja wa ndugu zetu wa Kongo ulikuwa umetualika kufundisha viongozi, kutembelea familia nyumba kwa nyumba na kushiriki ibada ya Jumapili. Kiongozi wetu alikuwa Mchungaji. Pamoja naye walikuwamo Mwinjilisti, Mzee mmoja wa kanisa, dada muuguzi, binti wa kwaya na kijana mpiga kinanda. Mimi sikupangiwa kuhubiri wala kufundisha. Tulipogawana kazi, Mchungaji alinikabidhi wenzangu: maji yao, chakula chao, mahali pao pa kulala, afya zao, na zaidi ya yote mioyo yao. Alinikumbusha habari ya Daudi katika kijito cha Besori, alipoagiza kwamba waliobaki na vyombo wagawiwe sawasawa na walioshuka vitani, kisha akasema, "Mwalimu, wewe utakaa penye vyombo, na vyombo vyenyewe ni sisi."

Naandika kumbukumbu hizi kwa sababu vikundi vingi vya uinjilisti hupanga kwa uangalifu masomo, nauli na vipaza sauti, lakini havimpi mtu yeyote kazi ya kuwaangalia wahubiri wenyewe, na matokeo yake watu huenda kutangaza upendo wa Kristo wakiwa wamechokana.

Tulivuka mto Kagera kwenye daraja la Kyaka, tukapita Bunazi, tukafika Mutukula kabla foleni haijawa ndefu. Maofisa walikagua hati zetu za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Kijana wa kinanda hakuwahi kuvuka mpaka, na nilimwona akikunja na kukunjua kadi yake mkononi. Nilikuwa nikifikiri la kumwambia, lakini Mzee alinitangulia bila kusema neno: alitoka mahali pake mbele, akarudi nyuma akasimama naye, wakafika dirishani pamoja. Nilianza kujifunza hapo hapo kwamba kutiana moyo safarini mara nyingi ni suala la mtu kujua asimame wapi.

Masaka tuliwakuta wawili waliokamilisha timu. Mmoja ni mkalimani, kijana Mnyankole anayefasiri Kiswahili kwa Kinyarwanda na Kinyankole. Mwingine ni dereva, Mwislamu wa Masaka, ambaye amejifunza Kiswahili kizuri kwa miaka mingi ya kusafirisha mizigo hadi mpakani. Mchungaji alimkaribisha kama mmoja wetu na akatuagiza mbele yake kwamba katika safari hii hakuna mtu wa kukodi.

Usiku, baada ya chakula, Mchungaji alitusimulia habari za kundi la wamisionari wanane ambalo CMS, chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, kilituma kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1876. Mdogo wao kwa umri alikuwa Alexander Mackay, fundi wa mitambo, ambaye katika kuagwa aliwaambia wakubwa wa chama wategemee kusikia ndani ya miezi sita kwamba mmoja wao amekufa, na kwamba habari hiyo itakapofika wasife moyo, bali watume mwingine mara moja. Maneno yake yalitimia vibaya kuliko alivyosema. Daktari wao, John Smith, alifariki kwa homa kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1877. Shergold Smith na C. T. Wilson walifika kwa Mutesa tarehe 30 Juni mwaka huohuo, lakini Desemba Shergold Smith na O'Neill wakauawa Ukerewe, na Wilson akabaki bila mwenzake hata mmoja hadi Mackay alipofika ziwani mwaka 1878. Kwa sisi tuliokulia kando ya ziwa hilo, habari hizi si za mbali. Historia huhesabu wabatizwa na vitabu vilivyochapishwa. Mimi usiku ule nilibaki nikimfikiria Wilson, na maana ya kufanya kazi ya Mungu miezi mingi bila mtu wa kukuuliza umelalaje.

Jumatano: Mbarara hadi Nakivale

Tulipita Lyantonde, tukafika Mbarara mchana. Hapo nilikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni sokoni. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na utaratibu wake huwapa wakimbizi kipande cha ardhi cha kulima pamoja na ruhusa ya kufanya kazi na kutembea. Lakini mgawo wa chakula umepunguzwa katika miaka ya karibuni, na mgeni anayeingia Nakivale mikono mitupu hula chakula cha watoto wa mwenyeji wake. Mkongo hatakuambia hivyo. Atachinja kuku wake wa mwisho, atakupikia fufu na sombe, yaani kisamvu, na atafurahi kwelikweli. Kwa hiyo tulinunua unga, maharage, mafuta, sukari, chumvi na sabuni, tukakubaliana kwamba vyote vikabidhiwe kwa akina mama wa usharika kabla ya mlo wa kwanza, bila hotuba wala picha.

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo. Barabara ya vumbi iliingia mpaka mapafuni. Baada ya viongozi wetu kujitambulisha kwa wasimamizi wa makazi, ambao wako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, tulipokelewa kwa nyimbo.

Mambo mawili ya jioni hiyo nayaandika kwa kirefu. La kwanza ni la kuku. Wenyeji walipotaka kuandaa kitoweo, Mzee wetu aliwaomba kwa heshima kwamba kuku wachinjwe na dereva, ili sote tule chungu kimoja. Wale mama walikubali mara moja, dereva akachinja, na mlo ule ukawa wa timu nzima. Nimeona safari ambazo dereva Mwislamu hununuliwa chapati na soda akale peke yake ndani ya gari, na hakuna anayeona kasoro, ingawa mahubiri ya siku hiyo yalikuwa juu ya meza ya Bwana.

La pili ni la kitanda. Dereva alisema atalala garini kulinda mizigo, kama alivyozoea. Vyumba tulivyopewa vilikuwa vichache, na kukubali kungekuwa rahisi. Mwinjilisti alikataa. Alisema kuwa mtu aliyebeba roho zetu kwenye barabara ile anastahili kunyoosha mgongo, kisha yeye na kijana wakabanana kwenye godoro moja, mizigo ikaingizwa ndani, na dereva akapata kitanda chenye chandarua.

Alhamisi: Mkalimani

Leo nilijifunza jambo ambalo ningependa kila kikundi cha misheni kilifahamu. Mchungaji alifundisha viongozi asubuhi, Mwinjilisti alihubiri mchana, na katikati tulitembelea familia. Wakongo wengi wa hapa wanazungumza Kiswahili, lakini katika makusanyiko walikuwamo pia wasikilizaji wa Kinyarwanda, na jirani zetu wenyeji wa Isingiro wanasema Kinyankole. Kila aliyesema alipokezana na mwenzake, isipokuwa mkalimani. Yeye alisimama katika somo la asubuhi, akasimama katika mahubiri, akafasiri nyumba kwa nyumba, na tulipoketi kula akaendelea kufasiri mazungumzo ya mezani huku ugali ukipoa mbele yake.

Mhubiri anapomaliza, watu humzunguka, humshika mkono na kumletea maji. Mkalimani hukunja Biblia yake na kukaa pembeni, kana kwamba maneno yalipita mdomoni mwake bila kumgharimu chochote. Ilhali yeye amesema mahubiri yote, tena kwa kubeba mawazo ya mtu mwingine, akichagua upesi neno ambalo halitapotosha injili.

Muuguzi ndiye aliyeliona kwanza. Alinivuta kando akasema, "Mwalimu, yule kijana sauti imeanza kukatika, na hajanywa maji tangu asubuhi." Jioni tulikaa sote kwa muda mfupi tukabadilisha utaratibu. Mezani mkalimani ameachiliwa kabisa, na anayetaka kuzungumza atumie Kiswahili cha wenyeji wetu au atabasamu tu. Anayehubiri kesho atampa mistari yake usiku, ili naye aisome mapema katika Biblia ya Kinyarwanda. Sentensi zitakuwa fupi. Na maji ya kwanza baada ya mahubiri yatakwenda kwa mkalimani, kabla ya mhubiri.

Mwinjilisti alikaa naye karibu saa nzima wakipitia somo la Ijumaa. Nilipowapitia niliwakuta wakijadiliana, na mkalimani akimwonyesha kwamba mfano mmoja aliouandaa hautaeleweka kwa watu waliokimbia mashamba yao. Mwinjilisti akaufuta. Hapo huduma ya kumpunguzia mwenzetu mzigo ilikuwa imegeuka kuwa msaada kwa mahubiri yenyewe, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia.

Ijumaa: Ugonjwa

Kijana wa kinanda aliamka akiharisha. Muuguzi alimchunguza, akaona hana homa, na kwa tahadhari akampima malaria kwa kipimo cha haraka alichobeba, kikaonyesha hana. Tulichanganya maji ya chumvi na sukari kwa vipimo alivyotufundisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, wala chumvi isizidi.

Kumhudumia mgonjwa wa timu kunahitaji kiasi. Kila mmoja alitaka kuingia kumwombea, na kila aliyeingia alimuuliza anajisikiaje, hata nikaona uso wake umeanza kuona haya. Kwa hiyo niliomba aingie mtu mmoja tu kwa zamu, na maombi tuyafanyie uani. Kilichomuumiza zaidi ya tumbo ni kuona amekuja mzigo. Mchungaji hakumwambia asijali. Alimpelekea daftari la familia tulizotembelea, akamwomba aziombee moja baada ya nyingine kwa majina, na aandike kando neno lolote atakalotaka tuwaambie tutakaporudi. Mchana nilikuta amejaza kurasa. Paulo alipowaandikia Wafilipi kuhusu Epafrodito, aliyeugua karibu kufa katika kazi ya Kristo, aliwaagiza wampokee kwa furaha na wawaheshimu watu kama yeye. Sisi tumezoea kumheshimu aliyesimama madhabahuni, na aliyelala kitandani tunamhurumia tu.

Ratiba ya mchana tuliisogeza ili dereva aende msikitini kwa sala ya Ijumaa. Alishukuru kwa namna iliyoonyesha kwamba hakuzoea kuulizwa.

Usiku nikamgeukia muuguzi. Mtu anayewatunza wengine huachwa kwa urahisi, kwa kuwa haonekani kuhitaji. Binti wa kwaya alimchotea maji ya kuoga, nami nikayabeba madumu kutoka bombani. Akina mama wenyeji walishangaa kuona mwanamume mtu mzima amebeba maji ya kuogea wanawake, wakataka kuninyang'anya. Niliwaambia kwamba ndiyo kazi niliyotumwa. Mama mmoja akaita wanawe wa kiume waje waone.

Jumamosi: Maneno kati ya ndugu wawili

Jumamosi ilikuwa ngumu. Mwinjilisti alihubiri muda mrefu, jua likawa kali, watoto wakaanza kulia, na Mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akiangalia ratiba, alisimama mbele ya kusanyiko akamwambia afupishe. Alisema kweli kuhusu muda. Lakini alisema mbele ya wenyeji, na Mwinjilisti akamaliza kwa sauti iliyobadilika. Njiani kurudi hawakuzungumza. Mmoja alikaa mbele, mwingine nyuma kabisa.

Sisi watu wa Kagera tunaujua Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930, na wazee wetu walitufundisha kutembea nuruni, yaani kuungama upesi na kutoruhusu jua lichwe na uchungu moyoni. Naipenda desturi hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo nimeona pia inavyoweza kutumiwa vibaya, pale ndugu wanapoitwa katikati ya kundi na mmoja akaanza "kutubu" kwa kutaja makosa ya mwenzake. Toba ya mtu ni yake mwenyewe. Kumwonya ndugu ni jambo la kwanza kufanywa mkiwa wawili, kama Bwana alivyoagiza.

Mchungaji alifanya kwa hekima. Hakuitisha kikao. Alihakikisha kwanza kwamba wote wawili wamekula na kupumzika, kwa maana waliamka saa kumi alfajiri, na alisema mtu asipatanishwe akiwa na njaa. Kisha alitembea na Mwinjilisti kuelekea ziwani, akarudi, akatembea na Mzee. Mimi alinipa kazi ndogo: niandae chai ya watu wawili nyuma ya nyumba, niweke viti viwili, niondoke. Sikusikia waliyosemezana. Nilichoona ni kwamba baadaye Mzee alimwita Mwinjilisti "mwanangu", kama alivyokuwa akimwita tangu Bukoba, na Mwinjilisti akaitika "naam, baba".

Katika ibada ya jioni Mchungaji alisoma habari ya Paulo na Barnaba walivyoshindana juu ya Yohana aitwaye Marko, hata wakatengana. Kisha akasoma mahali ambapo Paulo, akiwa mfungwa, anamwambia Timotheo amlete huyohuyo Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Hakutoa mafafanuzi. Mzee aliomba, na katika sala yake alimtaja Mwinjilisti kwa jambo mahususi: kwamba aliacha kitanda chake kwa ajili ya dereva.

Nilikuwa nikitafuta kwa siku kadhaa tofauti kati ya sifa inayomjenga mtu na sifa inayompita, na katika sala ile niliipata. "Umefanya vizuri" haimgharimu asemaye chochote, wala haimwonyeshi asikiaye kwamba ameonekana. Kumwambia mtu jambo aliloliona kuwa dogo, mahali alipolifanya na faida iliyotokea, kunampa nguvu ya kulirudia. Wala si kila mtu hutiwa moyo kwa njia moja. Binti wa kwaya hufurahi akitajwa mbele ya wengine. Muuguzi huinamisha kichwa na kutaka kuondoka. Mzee anapenda kuulizwa ushauri. Mkalimani, niligundua, anapenda kuachwa anyamaze.

Jumapili: Ibada

Kanisa lilikuwa la miti na turubai, likajaa hadi nje. Kijana alikuwa amepata nafuu, lakini hakuwa na nguvu ya kupiga kinanda ibada nzima, hivyo alipiga nyimbo za mwanzo, kisha kijana mmoja Mkongo wa usharika ule akachukua nafasi yake, na alipiga vizuri mno. Kijana wetu alikaa karibu naye akimgeuzia kurasa. Nilimtazama Mchungaji, naye alikuwa akiwatazama hao wawili.

Mahubiri yalikuwa mafupi na yenye nguvu. Mkalimani alipewa maji kwanza, na wazee wa usharika walipoona hivyo wakamletea kiti.

Baada ya ibada mzee mmoja wa usharika, aliyekimbia Kivu Kusini na familia yake, aliniambia kwamba wageni wengi wamefika na kuhubiri vizuri, lakini wao wakimbizi hutazama zaidi jinsi wageni wanavyotendeana, kwa sababu wengi wao walifukuzwa makwao na majirani waliokuwa wakiimba nao nyimbo zilezile kanisani. Alisema habari ya kuku wa dereva imeshasimuliwa mpaka kwenye vijiji vya mbali. Sikuweza kumjibu upesi. Tulikuwa tumelifanya kwa ajili ya dereva tu, ili ale.

Jumatatu: Kurudi Masaka

Safari ya kurudi ilikuwa ya kimya, watu wengi wakisinzia. Mzee alikaa mbele na dereva njia nzima, akizungumza naye ili asilemewe na usingizi, ingawa yeye mwenyewe ndiye mkubwa wetu kwa umri. Masaka tulihesabu fedha zilizobaki. Tuliamua kwa kauli moja kwamba mkalimani na dereva wapewe zawadi sawa, mbali na malipo yao, na Mwinjilisti akaomba namba ya mkalimani ili waendelee kuandaa masomo pamoja kwa simu. Dereva alitukaribisha nyumbani kwake, mkewe akatupa chai ya maziwa na ndizi za kuchoma.

Jumanne: Mutukula

Kabla ya kuvuka, tukisubiri hati zetu zigongwe mhuri, Mchungaji alipendekeza kila mmoja ampigie simu mtu wa nyumbani kwa mwenzake, amshukuru kwa kutuazima ndugu yake na amweleze jambo moja aliloliona kwake. Binti aliongea na mama wa kijana wa kinanda, akamsimulia habari ya daftari la maombi. Kijana alimpigia mume wa muuguzi. Mzee, kwa hiari yake, alimchagua mke wa Mwinjilisti, na alisogea mbali na sisi ili azungumze kwa nafasi. Mimi niliongea na binti mkubwa wa Mzee, anayekaa naye tangu mama yao alipofariki. Nilimweleza jinsi baba yake alivyosimama na kijana dirishani siku ya kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama baba amekuwa akinywa dawa zake za presha kila jioni. Nikamjibu kwamba ndiyo, kila jioni, kwa maana dawa zile nilikuwa nazo mimi.